Upande Wake wa Sinia

Nilipoingia uani kwetu, siku niliyorudi Pemba kuja kuishi, kaka yangu mkubwa alikuwa anampiga mdogo wetu kwa ukambaa. Nilikuwa na begi la magurudumu mkononi na shati nililolipiga pasi Dar es Salaam, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Mdogo wetu alikuwa amekaa kitako juu ya jamvi la karafuu, miguu ameinyoosha mbele, mikono ameiweka kichwani. Hakulia. Kila ukambaa uliposhuka alitoa sauti fupi kama ya mtu anayekohoa, kisha akangoja pigo jingine. Karafuu mbichi zilikuwa zimemganda mgongoni kwa jasho, na pale ngozi ilipochanika ziliganda kwa damu.

"Samaki yuko wapi?" kaka alikuwa akiuliza. "Nnakuuliza wee. Changu mzima alikuwa kafunikwa chini ya kawa. Yuko wapi?"

"Sijui," mdogo wangu alisema. Kwa ulimi wake neno hilo lilitoka nusu.

Nililiacha begi nikaukamata ukambaa ukiwa hewani. Kaka aliuvuta kwa nguvu, akanichapa nao shingoni kabla hajaangalia vizuri ni nani. Aliponitambua ndipo aliposhusha mkono.

"Ndiyo kwanza unafika?"

"Ndiyo kwanza."

"Basi karibu nyumbani," akasema, akijifuta kiganja kwenye msuli wake. "Mtizame mwizi wetu."

Mdogo wetu wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu chache kidevuni. Amezaliwa na sindromu ya Down, jina ambalo nyumbani hakuna aliyelijua mpaka nilipolileta mimi. Kijijini kwetu, upande wa Vitongoji, walimwita zezeta wakiwa na hasira na mja wa Mungu wakiwa na huruma, na zipo siku nilisikia yote mawili kwa pumzi moja. Kazi yake msimu wa karafuu ilikuwa kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake, na kazi hiyo aliijua. Alikaa jamvini kutwa, vidole vyake vifupi vikienda polepole bila kusimama. Msimu ukiisha alikaa barazani.

Ushahidi wa kaka ulikuwa tumbo. Hakuwa na mwingine.

"Mie napanda mikarafuu tangu alfajiri," aliniambia siku ileile, tukiwa bado tunahema wote wawili. "Nimekuwa kama ukuni. Yeye kakaa kitako, na kila mwezi shati lingine linamkataa. Hicho anachonenepea kinatoka wapi, yakhe? Kinatoka jikoni. Kinatoka chini ya kawa."

Mama alikuwa mlangoni, ameshika kanga yake mdomoni. Nilimsalimu, nikambusu mkono.

Niseme kidogo habari zangu, maana msomaji atataka kujua nilikuwa nani hata nisimame mbele ya kaka yangu mkubwa na kumwambia amekosea. Niliondoka Pemba na mfuko wa plastiki. Nilibeba magunia bandarini Mombasa, na pale nilijifunza kupigana kabla sijajifunza kuandika barua rasmi. Nikaenda Maskati, nikaosha masufuria katika jiko la hospitali, mpaka nikawa ndiye ninayepakua sahani za wagonjwa, kila mmoja na kipimo chake. Wenzangu walipokuwa wanalala mimi nilikuwa nasoma. Nilirudi nchini, nikaingia chuo Dar es Salaam nikiwa na umri wa baba wa baadhi ya wanafunzi wenzangu, nikatoka na stashahada ya lishe, tena miongoni mwa wa mbele. Sikusomeshwa na mtu. Leo stashahada hiyo imetundikwa sebuleni kwangu Tibirinzi, mjini Chake, katika nyumba ya vigae niliyoijenga mwenyewe, na hakuna mtu wa ukoo wetu, kuumeni wala kukeni, aliyewahi kutundika kitu kama hicho. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hayo mdogo wangu leo angekuwa kaburini.

Nilichokiona siku ile, ambacho wengine hawakukiona, kilianzia kwenye sinia.

Kwetu wanaume tunakula sinia moja. Wali unamwagwa katikati, mchuzi juu yake, na kila mtu ana upande wake, ule ulio mbele ya goti lake. Mkono hauvuki kwenda upande wa mwenzio. Na jicho pia halivuki. Baba yetu, Mungu amrehemu, alitufundisha hilo kwa kofi: ukimtazama mwenzio anavyotia tonge mdomoni, unaliona kofi kabla ya tonge lako. Kumwangalia mtu anavyokula ni kumhesabia, na kumhesabia mtu chakula ni kumtukana yeye na aliyempikia. Kwa hiyo mdogo wangu alikula na sisi tangu alipoacha kulishwa, kila siku, goti kwa goti, na katika sisi sote hapakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kusema kama anakula kingi au kidogo. Adabu yetu ilimnyima shahidi.

Nililifikiria hilo usiku mzima. Asubuhi nikamweleza kaka, bandani kwake, akiwa anamkatia majani dume lake la mchezo wa ng'ombe, ule wa kuchokoza madume uwanjani. Nilimwambia kwamba mwili uliotulia nao unatumia chakula. Mtu amelala, hanyanyui hata kope, na bado moyo unapiga, mapafu yanavuta, ini linafanya kazi, damu inapashwa joto. Kazi hiyo yote inaunguza sehemu kubwa ya kile tunachokula, kuliko hata kazi ya kupanda mikarafuu. Wataalamu wanaita umetaboli wa mapumziko. Chuoni kwetu kulikuwa na mashine yake, kofia kubwa ya plastiki angavu, unalala chini yake inakupima pumzi, na mimi ndiye niliyelala mbele ya darasa zima kwa sababu wengine walishindwa kutulia.

"Fikiri jiko la mafuta ya taa," nikamwambia. "Majiko mawili, mafuta sawa. Moja utambi umepandishwa, jingine umeshushwa. Lililoshushwa mafuta yanabaki."

"Na huyu utambi wake umeshushwa."

"Huenda. Kwa watu wa hali yake wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wako wanaosema moto wa mwili wao ukitulia ni mdogo kuliko wetu. Wengine wanasema kwa watu wazima haupungui, ukilinganisha na ukubwa wa mwili, ila hawatembei vya kutosha, na wengi wao tezi ya shingoni inalala. Yote hayo nataka nimpime. Lakini unaweza kunenepa bila kuiba, kaka. Wewe mwenyewe una madume mawili hapa, unayakatia majani yaleyale. Hili linanenepa, lile mbavu nje. Umelipiga hili?"

Kaka alilitazama dume lake, akanitazama mimi.

"Ng'ombe haibi," akasema, akaendelea kukata majani.

Nikaanza na sahani. Nilinunua sahani ya bati Chake na mizani ndogo ya jikoni, na mchana ule nikampakulia mdogo wangu peke yake, nimeshapima wali wake na samaki wake, nikamweka karibu na sinia letu. Kitaalamu nilikuwa sahihi kabisa, na nikiulizwa leo nitafanya tena kama nitapewa nyumba nyingine. Lakini kwetu anayekula sahani peke yake ni mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza au mtu aliyetengwa. Mama alipoiona alilia kwa sauti kama kuna msiba. Mdogo wangu aliangalia sahani, akaangalia sinia, akaangalia nafasi yake kwenye mduara ambayo mimi nilikuwa nimeikalia. Hakuwa mtu wa hasira. Katika maisha yake yote nilikuwa sijawahi kumwona akimpiga hata kuku. Aliinyanyua ile sahani kwa mikono miwili, na chakula chake ndani, akanipiga nayo usoni.

Ukingo wa bati ulinipasua juu ya jicho. Damu ilinijaa machoni, wali ukaniingia kolani, na nilipojaribu kuinuka alinipiga tena, mara hii begani, huku akisema neno moja tu: "Mie, mie, mie." Kaka alimdaka kwa nyuma akambwaga chini. Alimkanyaga kifuani kwa mguu mtupu, na mimi, sioni vizuri, nikamrukia kaka, tukaviringika sote watatu juu ya wali mpaka sinia likapinduka. Mama alitumwagia ndoo ya maji kama wanavyomwagiwa mbwa.

Nilishonwa. Kovu ninalo, linaukata unyusi wangu wa kulia, na wageni wakiuliza huwaambia ni la kazini.

Sahani ikawa imekufa. Nikachukua njia nyingine ngumu zaidi, nikavunja adabu ya baba. Siku zilizofuata, nikishaanza kazi ya lishe Chake, nilikwenda kula nyumbani kila mchana, nikakaa mkabala na mdogo wangu, nikamtazama mkono. Nilimtazama wazi, bila kujificha, tonge kwa tonge. Wa kwanza kuacha kula alikuwa kaka. Alibaki na tonge vidoleni.

"Unafanya nini wee?"

"Namtazama anavyokula."

"Unamhesabia ndugu yako matonge?"

"Nahesabu. Ndiyo kazi niliyosomea."

"Umekwenda Maskati kusomea kutazama watu midomo." Akamgeukia mama aliyekuwa jikoni, mlango uko wazi. "Mama, mwanao huyu kapata stashahada ya ufukara wa adabu."

Mdogo wangu alicheka, kwa sababu alicheka kila kaka alipotania, hata utani ulipokuwa wa kumuumiza. Kisha akanawa mikono. Alikuwa amemaliza, na upande wake wa sinia ulikuwa na wali mwingi kuliko alioula.

"Mmeona?" nikasema. "Kala kidogo kuliko sisi sote."

"Kajizuia kwa kuwa unamtolea macho," kaka alisema. "Baadaye atajilipa."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo mpaka leo najivunia. Niliona kwamba wanaume tulifundishwa kutotazama, lakini sinia haliishii kwa wanaume. Linarudi jikoni. Nikaita, "Mama, sinia likirudi kwako, upande wake huwaje?"

Mama alitoka na mwiko mkononi. Alifikiri.

"Huwa na wali," akasema. "Siku zote. Nawapa kuku."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuwa mkubwa hivi. Siku zote, mwanangu."

"Na wewe hukuona ajabu, mtu mnene harudishi sinia tupu?"

"Niliona," mama alisema, na sauti yake ikapungua. "Nilidhani keshashiba vya kuiba."

Kaka alipiga paja lake kwa kiganja. "Haya. Mwenyewe kasema."

Wali uleule uliobaki, mimi niliona ushahidi wa kumwachia huru, wao wakaona ushahidi wa kumfunga. Nilimweleza kaka upya kuhusu tezi, nikamwambia nataka kumpeleka hospitali Chake akapimwe damu. Akasema karafuu zimejaa jamvini, haendi popote mpaka zichambuliwe. Halafu akasema jambo nililolichukua kuwa ni maneno ya hasira tu.

"Mie nna kipimo changu. Ningemfungia mbali na jiko, mlo mmoja kwa siku, mkononi mwangu. Akikonda alikuwa mwizi. Asipokonda, nitakuamini wewe na makaratasi yako."

"Hata wewe ukifungiwa na mlo mmoja utakonda. Hicho si kipimo."

"Ndicho nilicho nacho."

Ofisi yangu ikanituma Unguja kwenye mafunzo ya wiki mbili, ambako mimi ndiye niliyekuwa nafundisha. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kijijini, mchana, jua la kichwani. Mama alikuwa amesimama njiani nje ya ua, hana viatu. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba na jicho limefunga.

"Nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Anasema nampitishia chakula kwenye mbao za banda," mama alisema. "Wallahi sijampitishia. Ningempitishia, lakini nilimwogopa."

Kaka alikuwa amemfungia mdogo wetu katika banda la dume. Dume lilikuwa limetolewa, limefungwa nje kwenye mnazi, na ndani ya banda, juu ya kinyesi na majani yaliyooza, mdogo wangu alikuwa amekaa kitako na kamba mguuni. Nilivunja komeo kwa jiwe. Alinitazama muda mrefu kabla hajanijua. Uso ulikuwa umejaa, kope zimevimba, midomo imekauka mpaka ikapasuka. Nilimshika mkono. Katika joto lile, shati langu limelowa chapachapa, ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi. Nilimtafuta mshipa wa mkono nikakaribia kukata tamaa kabla haujapiga, ukapiga, ukangoja, ukapiga tena kama mtu asiyetaka kuja.

Na hakuwa amekonda. Nyama ya mikono na mapaja ilikuwa imelegea, lakini tumbo lilikuwa palepale. Kipimo cha kaka, kipimo alichokitunga mwenyewe, kilikuwa kimemjibu. Mwili ule ulipoona chakula hakiji ulishusha utambi zaidi, karibu na kuzima. Ulikuwa haulali tena, ulikuwa unakufa, na ulikuwa unakufa mnene.

"Kalishwa," kaka alisema nyuma yangu. Alikuwa na mpini wa jembe. "Yule mama kamlisha. Hakuna mtu anayefungiwa asikonde."

"Ulisema asipokonda utaniamini."

"Kalishwa nakwambia. Toka bandani kwangu."

"Natoka naye."

Alinipiga mpini wa kwanza mbavuni. Nilisikia kitu kikilia ndani, kama kijiti kikavu. Sikuwa nimepigana tangu bandarini, lakini mwili haukusahau. Niliingia ndani ya mkono wake, mahali ambapo mpini mrefu haufai kitu, nikampiga kichwa cha pua. Damu yake ilinimwagikia mdomoni. Akanishika koo. Tulitoka nje ya banda tukiwa tumekumbatiana, tukaanguka kwenye jamvi, karafuu zikaruka, dume likaanza kuvuta kamba na kunguruma kwa harufu ya damu. Alinivunja kidole hiki kidogo cha kushoto kwa meno na mkono pamoja, sijui alifanyaje. Mimi nilimpiga ngumi ya mdomo ambayo niliipima kabla ya kuitupa, na jino lake likanikata mafundo ya vidole. Nilimkalia kifuani. Nilikuwa natafuta jiwe lile la komeo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nalitafuta, na ningelipata ningelitumia.

Mama ndiye aliyelikanyaga. Aliweka mguu wake mtupu juu ya lile jiwe, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mwenzio anaganda bandani. Huyu hana haraka."

Nikaondoka juu ya kaka. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, na mbavu iliyovunjika ikinichoma kila hatua, mpaka kwenye gari langu. Mama alipanda nyuma, akampakata kichwa. Hakurudi ndani kuchukua viatu wala buibui. Kaka alibaki amekaa jamvini, anatema damu kwenye karafuu zake.

Daktari wa zamu Chake alikuwa mwanamke wa kutoka bara, kijana, mkali. Alitutazama sote wanne kwa zamu, maana dereva wa gari lililoingia nyuma yetu alikuwa amenisaidia kumbeba mgonjwa.

"Nani mgonjwa kati yenu?"

"Aliye baridi," nikasema. "Sisi wengine tumepigana tu. Naomba apimwe tezi ya thairoidi. Mimi ni mtaalamu wa lishe."

"Mtaalamu una damu mpaka masikioni," akasema, lakini alishamshika mdogo wangu shingoni, anabonyeza taratibu. Kisha akaacha utani kabisa. Walimfunika mablanketi, wakamtundikia dripu, wakachukua damu. Majibu yalipokuja yalikuwa vile nilivyosema: tezi yake ilikuwa imelala, pengine kwa miaka. Daktari alisema mwili wa namna ile, ukinyimwa chakula na kuachwa kwenye baridi ya alfajiri, siku moja huacha tu kuamka. Alisema pia kwamba si kila mwenye hali ya Down ana tezi iliyolala, na kwamba hata tezi ikitibiwa wapo wanaobaki wanene, kwa hiyo nisitarajie miujiza. Nilimwambia najua. Akasema, "Najua unajua, mtaalamu. Namwambia mama."

Mama alisikiliza yote. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuna kipimo cha damu cha wizi, mama," daktari alimjibu. "Lakini hakuhitaji kuiba."

Mama alijipiga kofi usoni, upande uleule uliovimba. Akajipiga tena. Nililazimika kumshika mikono yote miwili. Samaki wa siku ile, na wengine wote waliopotea chini ya kawa, wangeweza kuwa wa paka, au wa watoto wa kaka, au wa mtu yeyote mwenye mkono.

Mdogo wangu na mama walihamia kwangu Tibirinzi. Vidonge vya tezi anameza asubuhi kabla ya chai, na mimi ndiye ninayempa. Hakukonda sana. Shati halimkatai tena kila mwezi, na hilo linatosha. Lakini alipata joto. Ilikuwa kama kumwona mtu anarudi kutoka mbali: sauti ilikuwa nzito ikawa nyepesi, ngozi ikalainika, na jioni akaanza kutembea kwenda na kurudi mtaa mzima, anasalimia kila nyumba, "Shikamoo, shikamoo," hata kwa watoto. Majirani zangu wa kutoka bara, walimu, walimpa kiti chake barazani. Akaanza pia kukasirika kama watu wengine. Akikatazwa redio anapiga mlango. Mama alishtuka, mimi nilifurahi, kwa sababu hasira nayo inahitaji mafuta.

Kaka alikuja msimu mwingine wa karafuu ulipofika. Hakupiga hodi. Niliposikia vishindo nilitoka chumbani nikamkuta sebuleni, chini ya stashahada yangu, amemshika mdogo wetu mkono wa juu na anamvuta. Pengo la jino lake lilionekana alipozungumza.

"Nimekuja kumchukua mtu wangu. Karafuu zinaharibika."

"Mwachie."

"Kachambua kwangu maisha yake yote. Hapa anafanya nini, anatazama ukuta?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika nondo ya dirisha kwa mkono wa pili. Kaka alimvuta, hakuja. Alimvuta tena, pazia likaanguka, hakuja. Zamani angeinuka tu na kufuata, kama alivyofuata kila alipoitwa kupigwa. Kaka akainua kiganja, akampiga vidole vilivyoshika nondo, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayepiga msumari. Mimi nilikuwa nimeshafika nusu ya chumba.

Sikuwahi kufika. Mdogo wangu alishusha kichwa, akaukamata mkono wa kaka kwa meno, chini kidogo ya dole gumba, akauma. Hakuuma kama anayetisha, aliuma kama anayekata muwa. Kaka alipiga magoti. Alimpiga mdogo wetu kichwani kwa mkono uliobaki, mara nyingi, nami nikamkamata mkono huo nikaukunja nyuma, na bado meno hayakuachia mpaka mama alipotoka jikoni akasema, kwa utulivu, "Mwachie sasa. Kaelewa."

Akaachia. Damu ilikuwa kidevuni kwake. Alimtazama kaka pale chini, akasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake kwa wakati mmoja: "Mie nakaa hapa. Wee nenda."

Kaka alikuwa anaangalia nyama ya mkono wake, nyeupe ndani, kabla damu haijaijaza.

Nilimfunga kitambaa nikampeleka hospitali mwenyewe, maana meno ya mtu yana sumu kuliko ya mbwa na mimi najua hilo, naye hajui. Tulikuwa tumeshalikaribia geti la hospitali.

"Ana nguvu yule," kaka akasema.

"Anazo."

"Ni vile vidonge?"

"Vidonge vinampa joto. Mengine yake mwenyewe."

Tulikaa kwenye benchi la nje, kitambaa kimeloa, watu wanatupisha.

"Mama anasemaje juu yangu?"

"Anasema ukitaka kuja uje. Ila usimshike mtu."

"Nyumbani kwa ndugu yangu niombe ruhusa?"

"Upige hodi," nikamwambia. "Na akisema usiingie, usiingie."

"Yupi, mama?"

"Siyo mama."

Kaka aligeuka akanitazama kwa jicho lilelile la bandani, na nikakaza mwili, nikijiandaa. Mkono wake mzima ulikunja ngumi juu ya goti. Tulikaa hivyo, yeye na ngumi yake, mimi na zangu, mpaka muuguzi alipotokea mlangoni akauliza nani aliyeumwa na mtu, na kaka akainuka akamfuata.